Wasomaji Wauliza: Kahawa Baridi Isiwe Maji ya Kahawa

Kahawa ya pwani inajulikana: ya moto, chungu, kikombe kidogo, kashata pembeni. Lakini kuanzia Novemba hadi Machi, jua la Mtwara na Lindi linapowaka hadi nguo inagandamana na mgongo, maswali yanayoletwa kwenye safu hii hugeuka kuwa ya kahawa yenye barafu. Safari hii tumeyakusanya pamoja. Vipimo tulivyotumia ni vya jikoni: kijiko cha chakula kilichosawazishwa, chenye kahawa ya kusaga, ni gramu 5 hivi, glasi ya kawaida ni mililita 250.

*Natengeneza kahawa ya moto kama kawaida, namimina kwenye glasi yenye barafu. Mafunda mawili ya kwanza mazuri, baada ya hapo nakunywa maji yenye rangi. Nikizidisha kahawa inakuwa chungu. Nakosea wapi?*
Mama lishe, Chikongola, Mtwara

Mama, barafu ni maji ambayo hukuyapigia hesabu. Kahawa ya moto mililita 200, ikitoka tu kwenye birika, huyeyusha karibu gramu 190 za barafu kabla haijapoa sawasawa. Maana yake glasi yako moja imekuwa mbili kwa maji, ila kahawa imebaki ya glasi moja. Na ukiongeza kahawa huku ukiacha maji ya moto yaleyale na muda uleule mrefu wa kuchemsha, unaongeza uchungu kuliko ladha.

Dawa yake ni kuigawa hesabu ya maji mwanzoni: sehemu moja iingie kama maji ya moto, sehemu nyingine kama barafu. Kwa glasi mbili chukua kahawa ya kusaga gramu 30 (vijiko 6 vya chakula), maji yaliyochemka mililita 250, na barafu gramu 200, yaani vipande 8 hadi 10 vya kile kitreya cha kawaida cha friza. Barafu itangulie kwenye jagi. Kahawa iweke kwenye sufuria ndogo au birika, mimina maji yaliyotoka kuchemka, koroga mara moja, funika dakika 4. Usiirudishe motoni. Kisha ichuje moja kwa moja juu ya ile barafu, ukizungusha jagi.

Machicha yatanywa kiasi cha mililita 60 na hayatakurudishia, hilo lisikushtue. Zitakazoshuka ni kama 190, na karibu barafu yote itayeyuka papo hapo. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Utakuwa na karibu mililita 390 za kahawa iliyopoa tayari, yenye nguvu ya kutosha. Sasa ndipo uimimine kwenye glasi zenye barafu mpya. Barafu hii ya pili inayeyuka polepole kwa sababu imekutana na kitu cha baridi.

Ukiona bado nyepesi, ongeza kahawa hadi gramu 35 na usiguse muda. Ikiwa chungu na inakausha ulimi, ama umesaga laini mno kama unga wa dele, ama umeiacha zaidi ya dakika 5. Ikiwa chachu na imepwaya, maji hayakuwa yamechemka vizuri au kahawa ni chenga kubwa mno.

Kuna njia ya mkato kwa mtu anayeuza: kahawa iliyobaki asubuhi igandishe kwenye kitreya. Vipande hivyo vikiyeyuka kwenye glasi vinaongeza kahawa badala ya maji. Ila isiwe kahawa iliyoshinda kwenye chupa ya chai tangu alfajiri. Kahawa ikikaa ya moto saa nyingi harufu yake hutoroka, uchungu na ukakasi hubaki, na barafu haifichi hayo.

*Nimesikia kahawa inaweza kulowekwa kwenye maji baridi bila moto. Nimejaribu, nikaiacha mezani usiku mzima na kesho yake hadi jioni. Ilitoka na harufu kama togwa. Niliimwaga. Je, ndivyo inavyokuwa?*
Msomaji, Mikindani

Sivyo, na kuimwaga ulifanya vema. Maelekezo mengi ya kuloweka yanatoka nchi ambazo meza ya jikoni ina nyuzi 20. Meza ya Mikindani mwezi wa Januari ina nyuzi 30. Kahawa hii haijapita motoni, kwa hiyo vijidudu vilivyokuwa kwenye unga, chombo au mkono wako viko hai. Na kahawa iliyolowekwa haina uchachu wa kutosha kuvizuia kama ilivyo achari. Ukivipa joto na saa ishirini na ushee, vinafanya kazi ileile inayofanyika kwenye togwa.

Fanya hivi. Kahawa gramu 100, isagwe chenga kama chumvi ya mawe. Maji mililita 800 yaliyochemshwa na kupozwa. Chombo cha kioo au cha stenlesi, kilichooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji ya moto. Ndoo ya plastiki iliyowahi kuhifadhi achari au samaki haifai hata uisugue vipi. Mimina maji, koroga mpaka unga wote ulowe. Utaona tabaka linaelea juu. Subiri dakika 10, likoroge tena lizame. Funika, tia kwenye friji saa 16 hadi 20. Kama huna budi kuiacha mezani, iwe saa 8, na zisizidi 10: weka saa mbili usiku, chuja kabla ya kwenda kazini.

Kuchuja ndiko kunakowashinda wengi. Chuja mara mbili: kwanza kwa chujio la chai, kuondoa machicha makubwa, halafu kwa kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa kwanza kwa maji ya moto. Kifumbu cha nazi kiache. Mafuta ya nazi hujificha kwenye ukindu, huvunda, na kahawa hudaka harufu upesi kuliko maziwa. Na usikamue kitambaa kama unakamua tui. Ukikamua, vumbi laini linapita, kahawa inakuwa na tope na ukakasi. Acha idondoke yenyewe.

Utapata kiasi cha mililita 600, maana gramu 100 za kahawa hubaki na mililita 200 hivi za maji. Hii ni kahawa nzito, si ya kunywa hivyohivyo. Wakati wa kunywa, nusu glasi yake kwa nusu glasi ya maji au maziwa, na barafu. Kwenye friji hukaa siku 5 bila kubadilika sana. Ikishachanganywa na maziwa, siku 2. Ukiona mapovu madogo yanapanda, kifuniko kikifunguliwa kinatoa pumzi, au harufu ni ya uchachu, usiionje.

Ladha yake mtu aliyezoea kahawa ya baraza ataiona laini, karibu tamu, isiyochoma. Maji baridi huvuta polepole, na baadhi ya uchachu na uchungu unaotolewa na maji ya moto hubaki kwenye machicha. Wanaopenda kahawa ya kunukia husema imepoteza uchangamfu, na wana haki: harufu nyingi za kahawa huamshwa na moto. Kwa kahawa tupu na barafu, sisi tunaipa ushindi ile ya swali la kwanza. Ya kulowekwa inapendeza zaidi na maziwa.

*Sukari inabaki chini ya glasi. Nakoroga mpaka mkono unauma.*
Msomaji, Ligula

Haikatai kuyeyuka, inachelewa. Tengeneza shira nyepesi: sukari gramu 200, maji mililita 200, chemsha mpaka ing'ae, ipoe, itie kwenye chupa. Utapata kama mililita 320, na kwenye friji inakaa wiki tatu. Kijiko kimoja cha chakula kina takribani gramu 9 hadi 10 za sukari, yaani vijiko viwili vya chai na ushee. Ukitaka yenye manukato, tia punje 6 za iliki zilizopondwa au kipande cha tangawizi wakati inachemka, kisha chuja. Tahadhari moja tu: ulimi hauonji utamu vizuri kwenye kitu cha baridi sana, kwa hiyo onja baada ya kutia barafu, usionje kabla.

*Huku kwetu korosho ndiyo dhahabu, maziwa ya ng'ombe ya shida. Naweza kutumia tui la korosho kwenye kahawa baridi? Nilipojaribu kwenye ya moto lilikuwa kama uji.*
Mkulima, Tandahimba

Unaweza, na kwa maoni yetu hakuna maziwa ya mmea yanayokaa na kahawa baridi vizuri kuliko ya korosho. Uji ulioupata una sababu. Korosho ina wanga mwingi kuliko njugu nyingine. Wanga ukipata moto huvimba na kushika, kama unavyofanya kwenye uji wa muhogo. Kwenye baridi hilo halitokei. Kwa hiyo usilichemshe tui hilo hata kidogo.

Chukua korosho gramu 100 zilizobanguliwa, zisizo na chumvi. Vipande vilivyovunjika vinafaa sawa na nzima, na bei yake ni nafuu. Hakikisha ile ngozi nyembamba ya kahawia imetoka yote. Ngozi hiyo ina ukakasi, na ukakasi juu ya kahawa ni adhabu. Korosho ulizobangua mwenyewe nyumbani ziangalie mara mbili zisiwe na doa la mafuta ya ganda, yale yanayobabua mikono. Kama zina doa, zitupe.

Loweka kwenye maji safi saa 4, au dakika 20 kwenye maji ya moto ukiwa na haraka. Mwaga maji hayo. Saga kwenye blenda na maji mililita 100 kwanza, mpaka iwe laini kama losheni, ndipo uongeze mililita 300 nyingine na chembe ya chumvi. Kosa la kawaida ni kumwaga maji yote mara moja: vipande vinakimbia kisu na tui linabaki na mchanga. Ikisagika vizuri, korosho haihitaji hata kuchujwa. Utapata kama nusu lita.

Kwa glasi moja: kahawa ya kulowekwa mililita 100, tui la korosho mililita 100, shira kijiko kimoja, barafu vipande 4 au 5. Mimina tui kwanza kwenye barafu, kahawa ifuate taratibu juu. Itashuka yenyewe kwa mistari, koroga ukishafurahisha macho. Tui likijitenga kwenye friji litikise tu. Linakaa siku 2, tatu kwa shida.

Korosho za kukaanga nazo zinafaa na zinanukia zaidi, lakini tui lake huwa na rangi ya udongo na mafuta huelea mapema. Jaribu nusu kwa nusu.

*Mimi natumia tui la nazi. Likikaa kwenye friji na kahawa linaganda vipande vyeupe, wageni wanadhani limechacha.*
Msomaji, Lindi Mjini

Halijachacha. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na friji iko chini sana ya hapo. Tui zito, lile la kwanza, ni mafuta mengi, kwa hiyo linaganda kabisa. Tumia tui la pili, au la kwanza ulilolipunguza kwa maji mara mbili yake. Lipashe moto mdogo ukikoroga upande mmoja bila kuacha, tia sukari na chumvi kidogo likiwa vuguvugu, liache lipoe, kisha litikise kwenye chupa yenye kifuniko kabla ya kumimina. Usilihifadhi likiwa limechanganywa na kahawa. Lichanganye wakati wa kunywa. Na ukitaka kahawa na dafu, tumia maji ya dafu mililita 150 juu ya barafu, halafu kahawa nzito mililita 60. Maji ya dafu tayari ni matamu na yana chumvichumvi kwa mbali, sukari haihitajiki. Kunywa palepale, maana maji ya dafu yakishafunguliwa hayana subira.

*Nina kahawa ya kopo tu, hii inayoyeyuka. Je, mimi nimetengwa?*
Mwanafunzi, Shangani, Mtwara

Hapana, na kuna kinywaji kimoja ambacho wewe utakitengeneza na mwenye kahawa ya kusaga hatakiweza. Mwaka 1957, kwenye maonyesho ya biashara ya Thessaloniki huko Ugiriki, mfanyakazi mmoja aliyekosa maji ya moto alitia kahawa ya kopo kwenye kitikisio na maji baridi, akatikisa. Likatoka povu zito lisiloanguka. Wagiriki wanaliita frape, na hadi leo ni kinywaji chao cha kiangazi.

Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, kama ya jemu. Tia kahawa ya kopo vijiko 2 vya chai, sukari vijiko 2 vya chai, maji baridi vijiko 3 vya chakula, basi. Tikisa kwa nguvu sekunde 40. Mimina kwenye glasi yenye barafu, ongeza maji baridi na maziwa kidogo kando ya glasi ili povu lipande juu. Africafe inafaa, na nyingine yoyote ya aina hiyo isiyo na maziwa ndani yake.

Povu linatokea kwa sababu kahawa ya kopo imebaki na mafuta kidogo sana baada ya kukaushwa kiwandani, na mafuta ndiyo adui wa povu. Kwa hiyo maziwa yaje mwisho, chupa isiwe na mabaki ya siagi ya karanga, na maji ya kutikisia yawe kidogo. Ukitia nusu glasi ya maji tangu mwanzo, utapata kelele na si povu. Sukari nayo ina kazi: hufanya majimaji yawe mazito, povu lichelewe kushuka. Bila sukari linatokea, ila halidumu.

Ile kahawa ya kupiga iliyotamba mitandaoni mwaka 2020 ni ndugu yake: vijiko 2 vya kahawa ya kopo, 2 vya sukari, 2 vya maji ya moto, vyote vya chakula, unapiga kwa mchapo mpaka isimame. Ni nzuri kwa picha. Kwa kunywa ni kahawa nyingi mno. Igawe kwa watu watatu.

*Sisi hatuna friji. Tunapozaje?*
Msomaji, Newala

Newala iko juu kwenye uwanda wa Makonde, upepo upo, na kuanzia Juni hadi Septemba hewa ni kavu. Mtungi unafanya kazi. Maji yanayopenya kwenye vinyweleo vya udongo yanaondoka kama mvuke na kuchukua joto yakienda. Tia kahawa kwenye chupa iliyofungwa barabara, izamishe kwenye mtungi wa maji uliowekwa kivulini penye upepo, uinywe siku hiyohiyo. Hautapata baridi ya meno, lakini utapata ubaridi wa kisima. Mwezi wa Februari Mtwara mjini ujanja huo unafifia kwa kuwa hewa imeshajaa unyevu; mvuke hauna pa kwenda.

Ukipata barafu ya kununua, usipoteze. Ponda barafu kwenye beseni, nyunyiza chumvi ya mawe, sehemu moja ya chumvi kwa sehemu tatu za barafu, na maji kidogo. Mchanganyiko huo hushuka chini ya sifuri. Zamisha chupa iliyofungwa vizuri, izungushe kwa mkono dakika 5 hadi 10, kahawa itakuwa baridi kama ya friji. Kwa kazi hii ya nje ya chupa hata barafu ya samaki inatosha. Ndani ya glasi haingii kamwe, hata mwenye nayo akuapie.

Kwa asiye na friji hatushauri kuloweka kabisa. Fanya ya moto ya swali la kwanza, kiasi cha kunywa siku hiyo. Maziwa yawe ya kufunguliwa palepale.

*Kahawa gani ninunue? Duka moja linaniambia ya Mbinga, jingine ya Bukoba.*
Msomaji, Masasi

Masasi uko njiani pazuri, barabara ya Tunduru na Songea inakufikisha Mbinga yenyewe. Mbinga, mkoani Ruvuma, wanalima Arabika. Kagera, iliko Bukoba, sehemu kubwa ni Robusta. Arabika ina uchachu mzuri na harufu nyepesi. Kunywa bila maziwa, na barafu, ndiyo tunayoipendekeza. Robusta ni nzito, chungu zaidi, na haizamishwi na maziwa wala tui. Kama kahawa yako baridi yenye maziwa huwa haisikiki, changanya theluthi moja ya Robusta.

Kuliko jina la mahali, uliza imekaangwa lini. Iliyokaangwa wastani, rangi ya hudhurungi isiyong'aa mafuta, ndiyo bora kwa baridi. Iliyoungua mpaka nyeusi tii hutoa ladha ya mkaa ambayo barafu huizidisha. Nunua buni zilizokaangwa na usage nyumbani kidogo kidogo. Blenda inafaa ukiibonyeza sekunde 2, unaacha, unatikisa, unabonyeza tena, mara 6 au 7. Kinu nacho kinafaa, ila twanga kiganja kimoja kimoja, halafu pitisha kwenye chekeche la unga: vumbi linaloanguka liweke kwa ajili ya dele, chenga zinazobaki juu ndizo za kuloweka.

Hewa yetu ya bahari haimsamehi mwenye kahawa. Iliyosagwa ikiachwa kwenye karatasi dukani inashika unyevu na kuwa mabonge ndani ya wiki. Ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, kabatini mbali na viungo na dagaa. Friji si mahali pake kama unafungua kila siku: ukilitoa kopo la baridi kwenye hewa ya joto, umande unatua ndani.

*Maji ya bomba letu yana chumvichumvi. Yanaharibu kahawa?*
Msomaji, Kilwa Masoko

Ndiyo. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yakipungua chumvi inazidi. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa, au ya kununua. Barafu nayo igandishwe kwa maji hayohayo, hapo ndipo watu husahau.

*Nina mimba ya miezi mitano na nimeipenda kahawa baridi kuliko ya moto. Kuna kiasi?*
Msomaji, Nachingwea

Kipo, dada. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilitaja kafeini miligramu 200 kwa siku kama kiwango kisichotia wasiwasi kwa mjamzito, na 400 kwa mtu mzima mwingine mwenye afya. Tupige hesabu ya kahawa ya kulowekwa hapo juu. Arabika ina kafeini karibu asilimia 1.2, kwa hiyo gramu 100 zina miligramu 1,200. Sehemu kubwa inaingia kwenye maji. Nusu glasi ndogo ya ile nzito, mililita 100, inaweza kukupa miligramu 120 hadi 140. Kafeini ya Robusta ni karibu mara mbili, hivyo kipimo hichohicho kinakuvusha mpaka.

Hatari ya kahawa baridi ni kwamba inateremka kama juisi. Ya moto unaipuliza, unasubiri. Hii glasi imeisha kabla hujakaa. Kunywa moja ya Arabika kwa siku, iliyopunguzwa, na iwe mbali na chakula na vidonge vya madini chuma kwa saa moja au mbili, kwa sababu kahawa huzuia mwili kuyachukua madini hayo. Hesabu na chai pia. Ukiwa na presha au moyo unaokwenda mbio, muulize mkunga wako kabla ya glasi ijayo.

*Nataka kuuza stendi kwenye chupa. Kilo moja ya kahawa inatoa glasi ngapi?*
Kijana, Mtwara

Gramu 100 zinatoa mililita 600 nzito, ukizipunguza nusu kwa nusu ni lita 1.2, yaani glasi 6 za mililita 200 kabla ya barafu. Kilo moja ni glasi 60. Panga bei kwa glasi 54, hizo 6 ni za kumwagika, kuonjesha na kuharibika. Barafu na chupa mara nyingi zitakugharimu kuliko kahawa yenyewe, kwa hiyo ziandike kwanza kwenye daftari.

Usiuze ikiwa imechanganywa na maziwa tayari. Beba kahawa nzito kwenye deli lenye barafu, maziwa kwenye chombo chake, uchanganye mbele ya mteja. Anaona usafi na wewe hupotezi maziwa jioni. Chupa za maji zilizookotwa au kutumika ziache, shingo yake haisafishiki. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushika baridi saa 4 hivi. Ukizidi hapo, vyenye maziwa vimwage. Kwa kuuza palepale kwa glasi unaanza na kibali cha biashara na upimaji wa afya wa anayegusa chakula. Ukitaka kufunga kwenye chupa na kubandika lebo, tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ndipo pa kuanzia kuuliza.

*Kahawa na ndimu, ni uchawi au upuuzi?*
Msomaji, Mchinga

Ni kinywaji cha zamani kinachoitwa mazagran, jina la mji wa Algeria, na Wareno bado wanakinywa na limau. Kahawa nzito mililita 80, maji baridi mililita 120, shira vijiko 2 vya chakula, juisi ya nusu ndimu, barafu hadi juu. Tumia Arabika iliyokaangwa wastani. Nyeusi iliyoungua ikikutana na ndimu inakuwa kama dawa ya malaria. Kipande kimoja cha tangawizi kilichopondwa kinaisogeza karibu na kahawa ya baraza. Maziwa yasikaribie: ndimu itayakata yawe mabonge hata kabla hujakoroga.